Mkono wa Sauti Uliopita Juu ya Hema la Wakwe

Jumamosi, tarehe nane Novemba. Manyunyu tangu alfajiri, si mvua ya kuitwa mvua, ila ya kulowesha waya. Saa nne jua likatoka kali na matope ya boma yakaanza kutoa mvuke.

Naandika leo leo kwa sababu katika mazishi ya huko upande wa Ndhiwa kuna maneno yalisemwa, na mimi nilikuwa na mkono katika nani aliyasikia na nani hakuyasikia. Nikingoja wiki moja nitaanza kujipendelea. Najijua.

Naandika Kiswahili, ijapokuwa karibu yote yalisemwa kwa Dholuo, na huenda uzito wa maneno ya watu unapungua nikiyahamisha. Mwenye duka ndiye alinizoesha. Yeye ni Mwislamu aliyetoka Isiolo, ana duka la vyombo vya umeme hapa Migori mjini, na mimi ni mtu wake wa spika mwaka wa sita sasa. Kila kazi anataka ripoti ya ukurasa mmoja: nini kiliharibika, nini kilienda sawa. Dholuo yeye hasomi. Ripoti zangu zilikuwa zinazidi ukurasa, akaniambia, "Ndugu yangu, hayo mengine nunua daftari uyaweke." Nikanunua. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hiyo makosa yatakuwepo.

Spika zenyewe ni nguzo mbili. Zamani tulikuwa na yale masanduku makubwa meusi. Wa mbele wanaziba masikio, wa nyuma wanaulizana amesema nini. Mwaka jana mwenye duka akaleta nguzo. Moja ni nyembamba, imenipita urefu, na ndani yake spika ndogo ndogo zimepangwa kutoka chini mpaka juu. Ukishaisimamisha wima huigusi tena. Unashika tableti na kuiambia sauti ishuke wapi. Spika hii inachelewa kidogo kuliko ile ya juu yake, na huko kuchelewa ndiko kunakoinamisha sauti. Mimi nilielewa kwa kufikiria watu wanaovuta kokoro ufukweni: wakivuta sawasawa wavu unakuja moja kwa moja, upande mmoja ukichelewa wavu unapinda. Sina hakika kama huo ni mfano sahihi. Unanitosha kazini.

Kila nguzo inatoa mikono miwili ya sauti, wa karibu na wa mbali. Hilo la mikono ni jina langu, sijui mafundi wakubwa wanaitaje. Kati ya mikono kuna mahali pakavu. Ukisimama hapo unasikia kwa mbali tu, kama redio ya jirani. Meza yangu huwa naiweka hapo, maana mahali penye sauti ni pa watu wa kukaa, na mimi siko katika hema la mtu. Kila Jumamosi niko kwenye kilio cha watu nisiowajua, nimevaa vitu vya masikioni, namsikia kila anayelia karibu kuliko ndugu zake wanavyomsikia, na hakuna anayeniuliza jina.

Boma la leo liko kwenye mteremko. Juu ni nyumba na jeneza mbele yake, kisha mahema mawili ya karibu, la familia kushoto na la kanisa kulia. Chini kidogo kulia ni hema la wageni, na kushoto hema la wakwe, yaani watu wa upande wa marehemu, kwa kuwa aliyezikwa ni mke wa boma hilo. Chini zaidi ya hema la wakwe ni geti, na nje ya geti ni barabara ya murram, isiyo na lami. Hesabu ilikuwa rahisi: mahema manne, mikono minne.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye ni kaka mkubwa wa mfiwa, mume wa marehemu, alikuja kunikagua nikiwa bado nafunga waya. Akaigonga nguzo kwa fimbo yake.

"Hii ni spika ama ni bomba la maji?"

"Ni spika, mzee."

"Iko wapi ile ya kutetemesha kifua?"

"Hii haitetemeshi. Hii inafika tu."

"Inafika wapi?"

"Pale unapotaka."

"Basi isifike barabarani. Unaona ile steji ya bodaboda? Hao wakisikia haleluya kwenye spika wanaanza kuhesabu dakika mpaka wali. Saa saba watakuja wote na kusema marehemu alikuwa abiria wao."

Nilicheka. Na kwa haki yake niseme, hakuwa mchoyo. Niliona sufuria, niliona idadi ya mahema, na chakula kilikuwa cha kupimwa. Mtu mwenye kilio ana haki ya kujua analisha nani.

Kwa hiyo nikaikata sauti pale chini ya hema la wakwe. Nilitembea na tableti mkononi huku muziki wa kujaribia ukiimba, kutoka hema lile kuelekea getini, na hatua chache tu kabla ya geti sauti ikapotea kama umefunga mlango. Nikarudi nyuma, ikaja. Nikaenda mbele, ikapotea. Nilifanya hivyo mara tatu kwa raha tu. Nalo liandikwe, kwamba nilikuwa nafurahia kimya kile.

Kosa langu lilikuwa hapo. Si kosa la chombo. Mgeni kutoka mbali angesamehewa, lakini mimi ni mtu wa huku, mwanamume aliyeoa, na nilipaswa kujiuliza: kunapozikwa mke, ni nani anayeweza kubaki getini? Sikujiuliza.

Wakwe walifika saa tano na wimbo wao, wakapokelewa, wakaketishwa. Mama mmoja mzee hakupita geti. Aliletewa kiti, akakikataa, akaketi kwenye ukingo wa mfereji, leso magotini, ubavu wake ukielekea kwetu. Nilimwona vizuri kwa kuwa meza yangu ilikuwa upande ule. Nikadhani ni muuza njugu anayengoja watu watoke.

Mahubiri yakaendelea. Mama mmoja wa jikoni, mke wa jirani, akaniletea chai.

"Wewe mtu wa vyuma, unakunywa chai ama unakunywa umeme?"

"Nipe chai. Umeme nimeshiba."

Akabaki amesimama nami, nadhani alikimbia moshi. Nikamwuliza yule wa mferejini anauza njugu bei gani.

"Njugu gani?" akasema, na uso wake ukabadilika. "Yule ndiye mama wa huyu tunayemzika."

"Si kuna hema la wakwe?"

"Hema liko ndani ya boma. Yeye haingii boma la mkwe wake. Siku hizi wengine wanaingia, wanakula mpaka kuku. Huyu ni wa zamani. Tangu binti aolewe hajapita hilo geti, na hatapita leo kwa sababu ya kifo."

"Sasa amekuja kufanya nini hapo nje?"

"Amekuja kusikia." Akapunguza sauti. "Huyu marehemu aliwahi kukaa mwaka mzima nje ya boma. Hapa wanasema alitoroka na mwanamume. Wamelisema mpaka watoto wanalijua. Mama yake anasema binti alifukuzwa. Sasa juzi bwana amempelekea mama ujumbe kwamba leo, mbele ya jeneza, atasema ukweli. Ndiyo maana mama ameketi hapo."

"Na asiposema?"

"Akizikwa mtoro amebaki mtoro. Nani atamsafisha baadaye, mahindi ya juu ya kaburi?"

Akachukua kikombe kabla sijamaliza, akaenda.

Nikatazama tableti. Mikono yangu minne ilikuwa imechorwa pale kwa rangi ya machungwa, mizuri, kila mmoja juu ya hema lake, na getini palikuwa peupe. Yule mama hakuwa anasikia neno hata moja tangu saa tano. Alikuwa anatazama midomo ya watu kutoka mbali, na mimi ndiye niliyempangia hivyo.

Nilifikiria kuupanua mkono wa wakwe uwafikie wao na yeye. Ukipanuliwa hivyo unakuwa dhaifu, wote wangepata mnong'ono. Nilifikiria kuongeza nguvu, lakini maiki ingeanza kupiga kelele. Kulikuwa na njia moja iliyo safi: kuuinua ule mkono kidogo, upite juu ya paa la hema la wakwe, ushuke getini. Lakini hema lenyewe lingebaki kavu.

Ningeweza kutembea mpaka kwa wazee wa wakwe na kuwauliza: nimpe mama yenu, ninyi msogee mbele? Ni hatua thelathini. Sikwenda. Nimejiuliza jioni hii kwa nini, na jibu ninaloliona si zuri. Nimezoea kutozungumza na watu kazini. Miaka sita nimekaa mahali pakavu, na hata pale neno moja lingetosha, mkono wangu ulienda kwenye tableti. Tena nilijiambia kwamba ni watu wa upande mmoja, akisikia mama ni kama wamesikia wote. Na kwamba wanaume wa lile hema walikuwa wanaongea ya kwao tu tangu mahubiri yaanze. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, lakini halikunipa ruhusa.

Mshereheshaji akamwita mfiwa. Nikauinua mkono.

Bwana yule ni mrefu, na huzuni ilikuwa imemkunja. Aliishika maiki kifuani, kama mtu aliyeshika kofia. Nikaongeza sauti yake mpaka nikasikia ule mluzi wa mwanzo, nikarudisha kidogo, nikakaa hapo hapo mpakani. Kwanza alishukuru watu. Mshereheshaji akamsogelea akidhani amemaliza. Kisha akasema hivi, nami nayaandika kama yalivyoingia masikioni mwangu:

"Mnajua alikaa mwaka mmoja nje ya hapa. Mlisema alitoroka, na mimi niliwaacha mseme. Hakutoroka. Mimi nilimtoa, na nguo alizovaa. Akaenda kwa mama yake, na mama yake akamwambia mwanamke huvumilia, akamrudisha. Mimi nikamfungia mlango mara ya pili. Ule mwaka wote alikaa kwa rafiki yake mjini Homa Bay akifua nguo za watu. Mpaka nikaenda kumchukua. Makosa ni yangu."

Nilitazama getini. Mama alikuwa anakwangua tope kwenye ndala yake kwa kijiti. Aliposikia neno la hakutoroka alikiacha kijiti. Hakulia, hakuinuka. Aliketi tu akielekea kwetu sasa, wima, mikono magotini.

Katika hema la wakwe mtu mmoja alisimama akapunga kofia. "Sauti! Huku hakuna sauti!" Nilimwona. Nikajifanya nashughulika na waya. Mfiwa alipoirudisha maiki, nikaushusha mkono mahali pake, na hema lile likapata wimbo wa kanisa, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, safi kabisa.

Tulizika saa nane. Watu wakaanza kula. Bodaboda walikuja wote, waliona moshi. Kwa chakula mtu hahitaji spika. Nikiwa nakunja waya wa kwanza, akaja mzee wa wakwe, yule wa kofia. Ni ndugu wa baba wa marehemu, na kwa kuwa baba hayuko, yeye ndiye msemaji wao. Mwenyekiti akamfuata mbio mbio na mfupa mkononi.

"Wewe kijana," mzee aliniambia. Nina miaka arobaini na miwili, lakini kwake sawa.

"Ndiyo, jaduong'," nikajibu, ndivyo tunavyomwita mzee kwa Dholuo.

"Mkwe wetu alipoongea, sisi tuliona mdomo tu. Uliharibikiwa?"

Mwenyekiti akanitangulia. "Ni hivi vyombo, ndugu yangu. Vinakohoa. Nilimwambia asubuhi hili ni bomba la maji."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Nadhani alijipa na yeye pia, maana alijua ndugu yake alisema nini, na hakutaka kirudiwe. Simlaumu sana. Ni jina la boma lake.

"Havikukohoa," nikasema. "Niliwaondolea ninyi sauti nikaipeleka getini."

"Barabarani?" mwenyekiti akasema. "Si nilikukataza barabara?"

"Getini kulikuwa na mama."

Mzee akageuka, akamtazama yule mama kule chini kwa muda, kama ndiyo kwanza anamwona. Kisha akamwuliza mwenyekiti kwa upole, "Mkwe wetu alisema nini?"

"Alishukuru watu. Aliomba."

"Ndiyo hayo tu?"

"Mtu aliyefiwa husema mengi. Nani anashika yote?"

Kiongozi wa akina mama wa kanisa alikuwa akipita na sahani. Mzee akamsimamisha kwa swali lile lile. Akasema, "Sisi tulikuwa kwenye maombi, jaduong'," akaendelea na safari yake. Wao walisikia, mkono wao ulikuwa mzima. Lakini wanaishi hapo, na kesho wanarudi kisimani na watu wa boma hilo.

Kurekodi hatukuwa tumerekodi. Flashi ilikuwa imejaa nyimbo.

Mzee akanishika kiwiko akanipeleka nyuma ya nguzo. "Wewe si wa hapa, si wa kwetu. Niambie."

Nikamwambia. Kwamba hakutoroka, kwamba bwana alimtoa na nguo alizovaa, kwamba alifungiwa mlango, kwamba alikaa kwa rafiki mjini akifua nguo, kwamba makosa ni ya bwana. Nilisema polepole na kwa mpangilio, na nilijisikia mtu wa maana. Ile sehemu ya mama kumrudisha binti niliiruka.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, jaduong'."

"Kaa hapa. Usimwambie mtu mwingine."

Akashuka mpaka getini. Niliwaona wakizungumza, yeye amesimama ndani ya boma, mama ameketi nje, geti katikati yao. Ni mama aliyeongea zaidi. Kisha mzee akaniita kwa kidole kimoja, kama unavyomwita mtoto aliyevunja kitu.

"Huyu mama amenipa maneno yako yote," akasema, "neno kwa neno kama mmekunywa kikombe kimoja. Lakini yeye amenipa na moja ambalo wewe hukunipa."

"Kwamba alikuja kwangu na mimi nikamrudisha," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayetaja shamba lake liko wapi. "Mkwe wangu alilisema hilo pia. Umemwambia huyu?"

"Nilisahau, mama."

"Hukusahau. Hao waliokaa juu huko hawawezi kunisema, na wewe unanihurumia. Mimi sikuja kuhurumiwa, mwanangu. Nilimwambia avumilie. Nilimpa ndizi za njiani nikamsindikiza mpaka barabarani, na sikujua kama alifunguliwa au la, mpaka leo."

Mzee alikuwa amevua kofia anaitazama ndani. "Hata sisi hukutuambia kwamba alifika kwako," alimwambia.

"Hamkuniuliza. Mlisikia mtoro, mkanyamaza kama watu wengine."

Mzee akarudisha kofia kichwani, akanigeukia. "Vyuma vyako bado viko hai?"

"Waya mmoja tu nimeukunja, lakini vinaweza."

"Fungua mahema yote."

Tukapanda. Mwenyekiti akasema watu wanakula. Mzee akasema watakula wakisikia, masikio hayana meno. Mwenyekiti alinitazama kama ananiuliza niko upande wa nani, na mimi nikatazama tableti. Kisha, kwa haki yake tena, alisogea kando. Hakumzuia, hakuniambia nizime. Angeweza, maana kazi ilikuwa yake.

Nikairudisha mikono minne. Kabla sijawasha maiki nikamwuliza mzee kuhusu geti. Akasema, "Mama amesema wape wengine. Yeye amesikia."

Alisimama mahali alipokuwa amesimama mfiwa. Hakuongea kirefu. Alisema mtoto wao hakutoroka, na mkwe wao amesema mwenyewe mbele ya jeneza, na ambaye hakusikia asikie sasa. Alisema alitolewa huku, akaja kwao, na wao nao wakamrudisha kwa kinywa cha mama yake, kwa hiyo mtu asiyarushe yote upande mmoja. Alisema mama yake ndiye aliyetaka hilo lisemwe. Katika mahema vijiko vilinyamaza. Mlango wa nyumba ukafunguka na mfiwa akatoka, akasimama barazani. Mshereheshaji akampelekea maiki ya pili. Akaikataa kwa mkono. Akainamisha kichwa mbele ya watu wote, akabaki hivyo mpaka mzee alipomaliza. Hakuna aliyeweza kusema halikusemwa.

Wakwe walipotoka, mama yule alikuwa amekwisha kuondoka. Yule wa jikoni aliniambia alianza safari mapema ili asichukue nafasi ya mtu kwenye gari. Wali hakula, wala maji.

Tulirudi Migori na pikapu ya mwenye duka. Dereva alilala mchana wote ndani ya gari, akaniuliza mazishi yalikuwaje. Nikasema vyombo vilikuwa sawa.

Njiani nilijiuliza kwa nini nililiruka lile neno. Kwanza nilijibu kwamba ni huruma, kama mama alivyodhani. Huo ni uongo mzuri, ningeuacha hivyo kama singekuwa na daftari. Mke wangu yuko Rangwe kwa mama yake, mwaka wa tatu huu. Hakuna aliyemfukuza, sikumtoa na nguo alizovaa. Alisema nyumba hii kila Jumamosi na Jumapili ina mtu mmoja, na katikati ya wiki mtu wa pili, yaani mimi, anachomelea waya na hasemi, afadhali akae na watu wanaosema. Akaenda. Mama mkwe wangu alimpokea, akampa chumba. Mimi nimemlaumu yule mama miaka mitatu yote. Nimesema kwa watu, na nimesema peke yangu, kwamba mzazi wa zamani angemwambia binti avumilie arudi. Leo nimemsikia mzazi aliyefanya hivyo hasa. Nikashindwa kulitamka neno lake mbele ya mzee, kwa sababu ningekuwa natamka nilichokuwa nakiomba mimi.

Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote. Huenda nilikuwa tu nimechoka na jua. Lakini ndiyo niliyo nayo.

Nilishika simu tulipovuka mto kuingia mjini. Namba ya mama mkwe wangu ninayo. Kumpigia mama mkwe si jambo la kufanya hivi hivi, kuna heshima yake. Huwa unapitia mtu. Sina mtu wa kupitia. Mke wangu mwenyewe nilimwandikia ujumbe kwamba mama alifanya vizuri kumpokea. Nikaufuta, nikauandika tena mfupi zaidi, nikautuma. Mpaka sasa hajajibu, na si lazima ajibu.

Ripoti ya mwenye duka nimeiandika kwanza, ukurasa mmoja. Nguzo zilifanya kazi. Mkono mmoja uliinuliwa na mtu wa spika bila ruhusa ya mwenye kazi wala ya waliokuwa wakisikiliza. Hakuna kilichoungua.

Nyumba nzima ni mimi, na jioni hii imekula ugali na sukuma wiki na mayai mawili, na ugali ulikuwa laini mno kwa sababu niliondoa sufuria mapema.